Chai na Mkate

Mpishi wa hospitali alikuwa hodari wa kulisha wagonjwa na mzembe wa kujilisha mwenyewe. Kutwa alishughulika na maharage, mboga za majani, mayai na mapapai, na ole wake mgonjwa aliyebakisha hata kijiko. Akirudi nyumbani ni chai ya rangi na mkate, basi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini huyu alikaribia kunyolewa bila wembe, maana kila akichana, nywele zilibaki kwenye kitana.

Si kwamba alikosa chakula. Tangu mumewe afariki na binti yao wa pekee apate kazi mji wa mbali, kubandika sufuria kwa ajili ya mtu mmoja kulimtia huzuni. Angempakulia nani? Nani angemwambia chumvi imezidi?

Siku moja binti alimwona kwenye simu, ngozi imepauka, macho yameingia ndani.

"Mama, mbona umekwisha hivyo?"

"Uzee, mwanangu."

"Uzee gani huo wa ghafla? Unakula nini?"

Mama akaanza kuulizia hali ya hewa ya huko, na binti akaelewa. Kuanzia hapo akawa anapiga kila jioni, akitaka aonyeshwe sahani. Mtoto wa kumzaa mwenyewe kageuka kuwa mama mkwe! Mpishi alinung'unika, lakini alipika, ili awe na cha kuonyesha. Sahani ikishakaguliwa, walianza umbea: bosi wa binti, majirani, ndugu wasioisha kuomba. Walicheka mpaka chakula kikapoa.

Mwili nao una shukrani. Miezi ikapita, ngozi ikanawiri, kucha zikaacha kukatika, nywele zikajaa. Wauguzi wakamtania kwamba kapata mchumba.

"Umependeza, mama," binti alisema. "Sasa nimetulia. Kazi zimenibana huku, lakini hata nisipopiga najua uko salama."

"Sawa, mwanangu," alijibu, kama akina mama wanavyojibu.

Simu zikawa za mara moja kwa wiki. Baadaye zikawa salamu za kuandikwa, na mwisho picha ya maua bila neno lolote. Mpishi aliendelea kupika, simu kaiweka kando ya sahani. Afya alikuwa nayo tele, na upweke ulimuuma kuliko alipokuwa mgonjwa, kwa sababu sasa alishaonja jioni yenye mtu wa kuzungumza naye.

Jioni moja akapiga mwenyewe, sauti tupu, bila picha. Binti alipokea katikati ya kelele za ofisini.

"Mama, kuna tatizo? Bado niko kazini. Nikupigie wikiendi?"

Mbele ya mpishi palikuwa na maharage, mboga na yai. Alijishika kichwani, vidole vikazama kwenye nywele.

"Si tatizo kubwa," alisema. "Ni nywele tu. Zimeanza kunyonyoka tena."

Kiti kikasukumwa, mlango ukafungwa, kelele zikakoma.

"Leo umekula nini, mama?"

"Chai. Na mkate."

"Jamani, mama. Si tulikubaliana? Usikate simu, tuongee vizuri."

Binti akaanza kumgombeza, kwa kirefu na kwa upendo. Mpishi akaisogeza simu mbali kidogo na mdomo, akachota maharage, akatafuna polepole ili asisikike.