Dawa ya Wagika

Mama mkwe wangu, Dorotea, alituma salamu kutoka Sengerema: Jumamosi anakuja kumchukua mjukuu wake. Amesikia Gladness hali mboga wala tunda, amekonda, na mama yake anamtazama tu. Nilikasirika mpaka nikaunguza ugali. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Tangu soko huria lituletee biskuti za kila nchi hapa Buzuruga, mtoto wangu wa miaka minne akiona mchicha anafumba mdomo.

Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamfinya. Wapi!

Jioni moja nikamkuta uani amejifunga kanga yangu, anawachezea kuku. Alikuwa akiiga ngoma tuliyoiona Sabasaba, vyama viwili vya wachezaji vikishindana, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, kila chama kinagombea watazamaji.

“Dawa yako iko wapi?” nikamuuliza.

Akasimama. Hata mtoto wa Kisukuma anajua kwamba manju, kiongozi wa ngoma, haingii uwanjani bila dawa ya kuvuta watu.

Nikaleta bakuli la matembele ya karanga. “Hii ndiyo dawa ya Wagika. Mimi Mgalu, yangu papai.” Nikatafuna kipande, nikaanza kuruka.

Gladness alinitazama, akatazama bakuli. Akameza kijiko kimoja harakaharaka, akanyakua vikonyo vya matembele nilivyotupa pembeni wakati wa kuchambua na kuingia uwanjani akivitikisa. Kuku wote wakamkimbilia yeye. Walifuata vikonyo, lakini nani angemwambia?

“Mama, imefanya kazi!” Akarudi kumaliza bakuli. Kesho yake tukabadilishana vyama, akala papai na kuwamwagia kuku mbegu. Keshokutwa ikawa zamu ya karoti. Mimi nilishindwa kila siku, na sijawahi kufurahia kushindwa namna hiyo.

Jumamosi mama mkwe akafika, vumbi la kivuko cha Busisi bado miguuni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nguo za mtoto umefunga?” Akachomoa pakiti ya biskuti mkobani. “Njoo, mjukuu wangu.”

Gladness akarudi nyuma. “Sitaki, bibi. Hiyo haina dawa. Nikila nitashindwa.”

Bibi akanigeukia mimi. Nikamweleza mchezo wote.

“Mgika?” akasema. “Mimi nimecheza Ugalu usichana wangu wote! Evelina, lete papai,” akaniamuru.

Akala nusu papai, akakaza kanga kiunoni, akacheza mpaka majirani wakatoka nje. Alikuwa anajua, yule mama! Lakini Gladness alikuwa amemaliza matembele yake na anatikisa vikonyo. Kuku wakaenda kwake, na majirani nao wakahamia huko huko wakishangilia. Bibi akaketi chini, jasho likimtoka, akicheka mpaka machozi.

Nguo za Gladness hazikufungwa. Jioni nilimsindikiza mama mkwe stendi, akapanda gari na biskuti zake, kisha akatoa kichwa dirishani na kuninyooshea kidole.

“Jumamosi ijayo nakuja na mananasi ya kwetu. Mwambie manju wako ajiandae!”

Nikapiga vigelegele pale pale stendi, watu wote wakageuka.