Mwethya wa Membley

Mimi ni mwanamke wa jembe na sioni haya kusema. Kwetu Ngoliba, ukitoka Thika kuelekea mashariki, tuko wanawake kumi na tisa katika mwethya wetu. Kila Jumatano tunaenda shamba la mmoja wetu, tunalima pamoja, tunakula pamoja, tunasengenya kidogo, tunarudi nyumbani. Jumatano inayofuata ni zamu ya mwingine. Kwa miaka thelathini na minne nilikosa mara moja tu, tena nusu. Siku hiyo nilipalilia mistari miwili kabla uchungu haujanishika, nikaenda kujifungua. Niliyemzaa ni Wavinya.

Ni Wavinya huyo huyo aliyenifanya nikose mara ya pili. Alisomea mambo ya maabara chuoni pale Juja, akaajiriwa na kampuni moja ya kutengeneza rangi, akapanga nyumba Membley, Ruiru, kwenye geti na walinzi. Nilimtangaza kanisani mpaka mchungaji akaniomba nipumzike. Halafu mwezi wa pili kampuni ikapunguza watu, na yeye akawa mmoja wao. Hakuniambia. Nilijua tu kwa sababu alianza kunijibu kwenye simu kwa neno moja moja. "Sawa." "Eeh." "Tutaongea." Mtoto wangu hajawahi kuishiwa maneno tangu aote jino la kwanza. Mwezi wa tano nikapanga nguo, mbaazi kilo tatu na jembe langu, nikaenda.

Mlinzi wa geti aliligeuza jembe mara mbili. "Shosho, hii ni ya nini?"

"Ni yangu," nikamwambia, nikapita.

Nilimkuta Wavinya kitandani saa tano mchana, mapazia yamefungwa. Simu ilikuwa kifuani, na ndani yake mwanamke mwenye sauti ya asali alikuwa akifundisha namna ya kuwa na furaha. Vuta pumzi. Andika mambo matatu unayoshukuru. Wavinya alikuwa amenunua hata daftari la kuandikia. Nililifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno moja, "Mvua", na kurasa nyingine zote zilikuwa nyeupe.

"Mwaitu, wacha tu," akasema. Mwaitu ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Nilijaribu."

Simlaumu yule mwanamke wa simu. Aliyosema si mabaya. Lakini mtu akizama huwezi kusimama ukingoni ukamsomea masomo ya kuogelea. Kesho yake nilimwamsha saa kumi na mbili, nikafungua madirisha yote, nikamwekea ungo wa mbaazi mapajani. Alichambua. Siku ya pili alichambua na kupika. Siku ya tatu alikula sahani nzima, akalalamika chumvi imezidi, nami nikafurahi kama niliyepewa zawadi. Lakini kutoka nje alikataa katakata.

"Nikitoka wataniuliza kwa nini siku hizi siendi kazi. Nitasema nini?"

"Utasema uliachishwa."

"Mwaitu, wewe hujui hii place. Hapa watu wako na kazi. Mimi nitasimama hapo nikiwa nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wenyewe. Kazi ilikuwa imeondoka na jina lake. Na kumpa mtu jina lake tena si jambo la mbaazi.

Basi nikawa natembea peke yangu nikiwasalimu watu. Wengi walinijibu kwa kupandisha vioo vya magari. Aliyenijibu vizuri alikuwa Maggie, binti aliyefanya kazi ya nyumba mkabala na sisi, ambaye alikuwa na wiki tatu tu pale. Ni yeye niliyemuuliza kuhusu nyumba ya jirani.

Nyumba hiyo ilinikera tangu siku ya kwanza. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, nyingine zimeinama, nyingine zimetoa vichwa vya zambarau, na hakukuwa hata na njia ya kupita. Mwenyewe alitoka alfajiri na kurudi jioni.

"Anaitwa Madam Idah," Maggie akasema. "Anakaa peke yake. Nasikia alifiwa, sijui ni nani."

Sikuhitaji kusikia zaidi. Kwetu, uwanja ukiwa hivyo, mwenyewe ni mgonjwa au ana msiba, na mwethya haungoji kuitwa. Kumuuliza mwenye msiba kama anataka kusaidiwa ni kumtukana. Unaenda, unafanya, unaondoka, naye akirudi anakuta mzigo umepungua.

Jumatano asubuhi nilimchukua Maggie na rafiki yake Shiko, tukaingia. Upande wa mbele nyumba zile hazina ua, kwa hiyo hakuna aliyetuzuia. Nilimwomba Wavinya aje ashike hata reki. Akakataa, lakini alisimama dirishani. Tulifyeka, tukang'oa mashina, tukayatupa nyuma kwenye lundo, tukalima. Mnamo saa nne nikasikia dirisha likifunguliwa.

"Mwaitu! Huo mstari umepinda!"

Ulikuwa umepinda kweli. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimeinama, ili asinione uso. Ilipofika saa saba tulikuwa tumepanda sukuma wiki na kunde, mistari imenyooka kama kitabu cha shule. Niseme ukweli, nilijipenda.

Jioni Idah alirudi. Alishuka garini, akasimama, mkoba ukamdondoka.

"Ngai! Nyasi zangu! Nani amefanya hii kitu?"

Nilitoka kifua mbele kupokea shukrani. Ndipo nilipoambiwa. Zile hazikuwa magugu. Idah alikuwa amezikusanya kwa miaka minne, shina moja moja, nyingine Kinangop, nyingine Machakos, nyingine Laikipia, kwa sababu alipenda ndege wadogo waliokuja kula mbegu zake asubuhi. Aliyefiwa naye ni mumewe, na walianza kuzikusanya pamoja. Hakunitukana. Alikaa chini kwenye mistari yangu ya sukuma akalia, nami nikatamani ardhi inimeze.

Alhamisi mwenyekiti wa mtaa, Bwana Zacharia, alileta barua. Jumapili kutakuwa na mkutano wa wakazi, na ajenda ni moja: mgeni wa nyumba namba arobaini na moja aondoke. Mimi sikuogopa kuondoka, nina kwangu. Niliogopa kumwacha Wavinya. Alikuwa ameanza kula na kufungua dirisha, na sasa mimi mwenyewe, kwa mikono hii ninayoisifu, nilikuwa nimemwongezea aibu juu ya aibu. Nikiondoka hivyo, nani atamfungulia tena?

Nilifanya nililoweza. Siku hiyo hiyo nilifukua lile lundo, nikatoa mashina yenye mizizi, nikayabeba hadi nyuma ya nyumba yetu na kuyafunika kwa magunia yenye maji. Yalikuwa yamechanganyika ovyo. Wavinya alinitazama akiwa mlangoni.

Ijumaa niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nikatoka mbio. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye matope, ameyapanga yale mashina kwa mafungu. Kila fungu lilikuwa na kijikaratasi kilichoandikwa kwa mwandiko wa maabara: urefu wa jani, rangi ya kichwa, idadi.

"Ziko aina tisa," akasema bila kuinua kichwa. "Hii na hii zinafanana, lakini angalia vinyweleo hapa kwenye shina."

"Umekunywa chai?"

"Baadaye."

Nilimletea chai ikapoa. Nikaleta nyingine, nayo ikapoa. Sijawahi kupoteza chai kwa furaha namna hiyo.

Jumapili nilimwambia abaki, kosa ni langu na nitalibeba mwenyewe. Mkutano ulikuwa kwenye hema karibu na bembea za watoto, watu kama thelathini. Bwana Zacharia alisoma sheria za mtaa, kifungu hiki na kifungu kile. Nilisimama nikasema nimekosea, nilidhani namsaidia mwenzangu, naomba msamaha. Mtu mmoja nyuma akasema hawa wageni wa mashambani ndio shida. Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, na lingekuwa jibu la kukumbukwa, nilipoona watu wote wanageuka.

Wavinya alikuwa anakuja. Amechana nywele, amevaa gauni la buluu alilokuwa akienda nalo kazini, na viatu vyake bado vina matope.

"Mimi ni Wavinya," akasema. Hakungoja kupewa nafasi. "Naishi namba arobaini na moja, mwaka wa tatu sasa. Kuna mtu hapa alikuwa anajua jina langu?"

Bwana Zacharia alitazama karatasi zake.

"Mwezi wa pili niliachishwa kazi. Tangu hapo sijatoka nje, kwa sababu niliogopa mtaniuliza. Hakuna aliyeuliza. Miezi mitatu, na hakuna hata mmoja aliyegonga mlango." Akaninyoshea mkono. "Mama yangu amekaa hapa siku tisa. Ameona nyasi ndefu akafikiri, huyu mama ako na shida, akachukua jembe akaenda. Amekosea. Alifaa kuuliza. Lakini yeye alienda. Sasa mnataka kumfukuza mtu wa pekee aliyeenda?"

Kisha akamgeukia Idah, na sauti ikashuka. "Madam, pole sana. Mashina mia moja na kumi na mawili yako hai, nimeyapanga aina kwa aina. Mbili tu, kati ya zile nilizokuwa nikiziona dirishani, ndizo sikupata hata mzizi. Hizo tutazitafuta, na zingine tutazirudisha kwa mikono yetu."

Nimewahi kumwona mtoto huyu akishika namba moja. Nimemwona akiwa na joho la kuhitimu pale Juja, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Siku zile nilijivunia alichopata. Jumapili ile hakuwa na kitu cha kuonyesha. Alisema mbele ya watu thelathini lile neno alilolikimbia miezi mitatu, akalisema wima, kwa ajili yangu. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, wayaone.

Idah akauliza swali moja tu.

"Lini?"

"Jumamosi," Wavinya akasema. "Saa mbili asubuhi."

"Basi hakuna mtu anaenda popote kabla ya Jumamosi," Idah akamwambia mwenyekiti, na Bwana Zacharia, nadhani kwa kufurahi, akakunja karatasi zake.

Jumamosi nilitegemea tuwe watatu. Maggie na Shiko walikuja, Idah akatoka na glavu mpya. Kisha akaja mama mmoja wa nyumba ya kona ambaye sikumjua, akamwambia Wavinya kwa sauti ndogo kwamba mumewe pia aliachishwa, ila yeye bado huvaa tai kila asubuhi na kutoka. Nusu saa baadaye akaja mume mwenyewe, bila tai. Bwana Zacharia alikuja "kusimamia", akaishia kubeba maji. Ilipofika saa tatu nilihesabu watu kumi na wanne.

Hakuna aliyeniuliza jinsi ya kufanya, mimi mwenye miaka thelathini na minne ya mwethya. Wote walimuuliza Wavinya. Alitembea katikati yao, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, akielekeza: hii ndogo mbele, zile ndefu nyuma, wewe ongeza maji, pole pole na huo mzizi. Idah alikuwa pembeni yake akimweleza kila aina ilitoka wapi na mumewe alisema nini siku walipoichimba. Mara wakaanza kucheka wote wawili, sijui kwa nini. Nilikuwa sijausikia mcheko wa mwanangu tangu Krismasi.

Nilisogea nifanye kazi yangu kimya kimya. Nikaona kimche chembamba kimejitokeza katikati ya mstari, hakina mbele wala nyuma, nikakishika nikivute.

"Mwaitu!" Mtaa mzima ulisikia. "Wewe! Umeanza tena? Acha hiyo! Kaa hapo kando na usiguse kitu mpaka nikuambie!"

Watu walicheka. Mimi, mama mzima, nimekaripiwa na mtoto niliyemzaa mbele ya watu kumi na wanne. Nilikaa kando kama nilivyoagizwa, mikono mapajani, na Mungu ni shahidi wangu, tangu nizaliwe sijawahi kujivuna kiasi hicho.