Wageni wa Wadi ya Darsait

Viatu vilikuwa vikavu. Semeni aliona hilo kwanza, alipofungua mlango wa mbele asubuhi ili apige deki. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu jana, wadi ilikuwa imejaa na barabara za Darsait, hapa Maskati, zilikuwa matope matupu, lakini viatu vilivyopangwa mlangoni havikuwa na hata tone. Palikuwa na makubadhi ya ngozi, buti za askari, viatu vya kike vyenye nyuzi za dhahabu, na pembeni kabisa kandambili za buluu zilizofungwa ukanda mmoja kwa waya.

"Wamekuja, Bibi," alisema.

"Wameshaingia?" aliuliza Bibi Masouda kutoka chumbani.

"Wameshakaa."

"Basi bandika kahawa. Na tende toa zile za Qurayyat, usiniaibishe na za dukani."

Wadi ile ni bonde la mawe linalopita nyuma ya nyumba. Karibu mwaka mzima halina maji, na watu huegesha magari ndani yake. Likijaa, watu waliowahi kukaa mtaa ule kisha wakafa hurudi kwenye nyumba zao, na hukaa mpaka maji yapungue. Manispaa huweka vizuizi kwa ajili ya magari. Wao hupita katikati ya maji na kufika wakavu. Nyumba ya jirani sasa wamepanga mafundi wa Kibengali, na asubuhi ile walikuwa wamepokea familia nzima ya marehemu wa Kilawati, watu wenye asili ya Bara Hindi. Hawakuwa na lugha moja. Walipika wali mwingi, wakala pamoja.

Nyumba ya Bibi Masouda ilikuwa imepita mikono mingi. Aliijenga Baniani muuza vitambaa, akamwuzia askari wa Kibulushi, na baadaye ikanunuliwa na marehemu mume wa Bibi Masouda walipokuja kutoka Unguja, ingawa wenyewe husema walirudi. Kwa hiyo chumba cha wageni kilijaa.

"Hapa palikuwa na tanuri langu la mkate," alisema mke wa askari. "Nani kaweka televisheni?"

"Mimi," alisema Bibi Masouda. "Kunywa kahawa."

"Na dirisha langu mmeliziba," alisema Baniani. "Upepo ulikuwa unapita hapa."

"Siku hizi kuna kiyoyozi, mzee," Ghanim, mwana wa Bibi Masouda, alimwambia.

"Nakisikia. Kinanguruma kama punda mgonjwa."

Semeni alimimina kahawa, akazunguka na dele, akatazama miguu ya wageni mmoja baada ya mwingine, akiilinganisha na viatu vya mlangoni. Mwenye kandambili za buluu hakuwamo. Alimkuta jikoni. Alikuwa mwanamke mrefu, amefunga aproni, anaosha vyombo.

Huyo alikuwa Veneranda wa Bukoba, aliyefanya kazi katika nyumba ile kabla ya Semeni. Semeni hakuwahi kumwona, lakini alimjua, maana Bibi Masouda hakuchoka kumsifu. Veneranda hakuwahi kusema amechoka. Veneranda alijua kukunja kanzu. Kila mwaka Veneranda aliomba kwenda kwao, na kila mwaka aliambiwa asubiri baada ya Idi. Alifia kwenye chumba kidogo cha juu ya paa, ambacho sasa alilala Semeni, akazikwa huku huku.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Sponji yenu imekwisha, mwambie anunue."

"Dada, wewe ni mgeni. Nenda kakae na wenzako."

"Nikikaa, nani ataosha?"

"Mimi."

"Leo wewe," alisema Veneranda, akasuuza sahani. "Na ukishakuwa kama mimi?"

Semeni alitazama ile mikono ndani ya povu. Ilikuwa imejikunja kwa maji kama yake. Mkataba wake ulikuwa umekwisha kabla ya Ramadhani, na pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la Bibi Masouda, chini ya mashuka. Maneno ya kuiomba alikuwa nayo. Huyafanyia mazoezi pale pale kwenye sinki, akiwa amefungua bomba ili yasisikike.

Bibi Masouda alichungulia jikoni.

"Ah, Veneranda kaja! Alhamdulillahi, leo tuna mikono minne." Akarudi kwa wageni.

Semeni hakuwa mtu wa kubisha. Katika nyumba ile alizungumza akiulizwa tu. Lakini alifunga bomba. Alimfungua Veneranda aproni, akaitundika, akamshika mkono uliokuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, akamwongoza mpaka chumba cha wageni. Baniani alisogea kidogo, akampisha.

"Semeni!" alisema Bibi Masouda. "Unamweka wapi huyo?"

"Kwenye zulia, Bibi."

Mke wa askari alicheka. Kabla Bibi Masouda hajasema la pili, Semeni alijaza finjani, akaitia katika mkono wa kulia wa Veneranda.

Hapo mambo yakawa yamekwisha. Mgeni mwenye finjani mkononi hatumwi wala hainuliwi. Akitaka kuacha huitikisa, na asipoitikisa humiminiwa tena. Bibi Masouda mwenyewe ndiye aliyemfundisha Semeni hayo, tena kwa ukali. Alitazama wageni wake wa makabila yote wanamtazama, akachukua tende.

Veneranda alikunywa, akarudisha finjani mbele. Semeni alimimina.

"Kumbe iliki nilikuwa nazidisha," alisema Veneranda.

"Ulikuwa hujaionja?" aliuliza mke wa askari.

"Nilikuwa namimina."

Alikunywa tena, akarudisha tena. Hakuitikisa. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakasali, wakala, na Veneranda alikuwa bado ameshika finjani yake, na Semeni bado amesimama mbele yake na dele. Vyombo vilijaa jikoni. Manal, mke wa Ghanim, alikwenda kuviosha, akarudi akisema hajui sabuni inakaa wapi.

"Huyu atamaliza kahawa yote ya Maskati," alinong'ona Ghanim.

"Mwache," alisema mama yake kwa uchungu. "Mgeni ni mgeni."

Alasiri maji yalipungua. Wageni walitikisa finjani zao, wakaaga kwa lugha zao, wakavaa viatu. Baniani alipapasa ukuta palipokuwa na dirisha. Veneranda alikuwa wa mwisho. Aliitikisa finjani taratibu, kama mtu aliyezaliwa akihudumiwa, akasimama.

Alipokwisha kuvaa kandambili, Bibi Masouda alimwita.

"Veneranda, mfuko wa taka uko hapo mlangoni. Pita nao."

Veneranda aliuchukua. Aliteremka nao mpaka kwenye wadi, akavuka.

Bibi Masouda aliketi, akanyoosha miguu.

"Mja mwema yule. Na wewe, Semeni, nnakuombea yawe hivyo hivyo. Ukifa, mlango huu uko wazi kwako. Wewe ni mtu wa nyumba."

Semeni aliweka dele chini. Nyumba ilikuwa kimya, na hapakuwa na bomba lililofunguliwa.

"Bibi, naomba pasipoti yangu. Nataka kwenda kwetu Korogwe."

"Baada ya Idi, mwanangu. Hebu nisogezee tende."

Semeni alimsogezea tende.

"Nataka kwenda sasa," alisema. "Na nikifa, Bibi, siji."