Siku Tatu za Kutafutwa

Marafiki zangu waliniita Kobe, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa mgongoni. Kila nilipopata siku mbili tatu za mapumziko nilitia hema, sufuria na soksi begini, nikafunga karakana na kupotea. Kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka, na wateja wangu walishajua kwamba kibao cha Ijumaa kwangu ni cha Jumatano ya mbele.

Fedha za hoteli sikuwa nazo, wala sikuzitaka. Nililala kwa watu. Siku hizi kuna mitandao ambako mtu anaandika kwamba ana kitanda cha ziada, nawe unamwomba, unakwenda. Mtandao usipofika, nilibisha hodi tu. Kwa miaka tisa nililala katika nyumba arobaini na tatu za watu nisiowajua: kwa mwalimu, kwa fundi cherehani, kwa dada wawili mapacha waliokuwa wamenuniana, kila mmoja akanipikia kivyake na ikabidi nile mara mbili. Nilikuwa mgeni mzuri, bila kujisifu. Niliosha vyombo, nilisimulia visa, niliwachekesha wazee. Na kila nilipoaga niliweka mkono kifuani nikasema maneno yale yale: "Nyumba yangu ni yenu. Mkifika mjini msilale kwingine."

Hakuna aliyewahi kuja, na kusema kweli nilishukuru. Nina vyumba viwili, kochi la kukunjua na maji ya moto bafuni, kwa hiyo nafasi haikuwa tatizo. Nilipenda tu kuikuta chai mezani, si kuipika. Hili nimechelewa sana kulikiri.

Kisa chenyewe kinahusu nyumba ya ishirini na sita. Chini ya mlima mmoja wenye msitu mnene niliteguka kifundo cha mguu, na mfuga nyuki mmoja wa makamo ya juu akanikuta nimekaa kwenye gogo. Alinibeba mgongoni, na begi langu akalivaa kifuani, na mimi si mwepesi. Nilikaa kwake siku kumi na moja. Mkewe, aliyetaka nimwite Mama, alinikanda mguu asubuhi na jioni huku akinitania: kobe gani huyu wa kubebwa? Tayari wakati ule jicho lake la kushoto lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilianza kuingia ukungu. Alimimina chai huku kidole kikiwa ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi.

Mwaka jana, Jumanne saa nne asubuhi, simu iliita nikiwa juu ya ngazi naandika kibao cha duka la dawa. Alikuwa yule mzee.

"Kobe! Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mzee wangu! Za siku nyingi?"

"Njema. Sikiliza, tumepata bahati. Kuna daktari bingwa wa macho anakuja hospitali kubwa huko kwenu. Mama yako amepangiwa Ijumaa, jicho la kulia. Tunataka kuingia Alhamisi, tukae kwako siku nne tu, mpaka wamfungue bandeji. Hatutakusumbua, viazi tunakuja navyo wenyewe."

Ningesema "karibuni" mambo yangeishia hapo. Lakini wiki ile nilipanga kwenda ziwani na wenzangu, kupiga kambi na kuogelea. Nikaziona siku nne za kumshika mtu mkono hadi chooni, kupika uji, kusikiliza redio imefunguliwa hadi mwisho. Nikasema, bila hata kumeza mate:

"Aa, mzee wangu, bahati mbaya iliyoje! Mimi niko huku kwenu. Nimepanda mlima jana, nimeingilia upande wa pili. Nashuka Jumatatu."

Mlima wake ndio ulionijia kichwani kwanza. Chini ya ngazi pikipiki ilipiga honi, nikafunika simu kwa kiganja.

"Upande wa korongo?" Sauti yake ilibadilika. "Peke yako?"

"Usijali, mimi mzoefu. Ila mtandao huku unakatikakatika, ukinikosa usishangae."

"Basi iangalie mvua, mwanangu. Sisi usitufikirie. Tutajibanza hata kwenye benchi la hospitali."

Nilikata simu, nikaendelea na herufi niliyoiacha. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kila nikikumbuka.

Jumatano mvua ilishuka nchi nzima, na safari ya ziwani ikavunjika. Nikabaki ndani, simu nimeizima, maana mtu aliye mlimani hawezi kuonekana hewani. Mimi mpenda nje nilijifungia kama mwizi, mapazia chini, nisije nikakutana nao sokoni. Nilikula mkate na mayai. Nililala mchana. Mara mbili hivi niliwawaza wale wawili kwenye benchi la hospitali, nikageukia ukutani.

Jumamosi asubuhi niliwasha simu, dakika moja tu, nione kama wenzangu wamepanga tena. Ujumbe ukaanza kumiminika. Wa Jumatano ulikuwa wa mzee: "Mvua kubwa. Shuka mwanangu." Jioni yake tena: "Ukiupata huu piga." Wa Alhamisi: "Daraja la magogo limesombwa. Usijaribu kuvuka maji, kaa juu. Nakuja." Wa mwisho, wa Ijumaa, ulitoka kwenye namba nisiyoijua: "Mimi jirani wa mzee wa nyuki. Watu sita wako msituni wanakutafuta tangu jana, mzee akiwa mbele. Kama umetoka salama tuambie, kwa ajili ya Mungu."

Niliusoma nimesimama na mswaki mdomoni. Ijumaa ilikuwa siku ya jicho.

Simu ya mzee haikupatikana. Ya jirani haikupatikana. Nilibeba begi langu, hema nimelifunga nje yake, nikakimbilia stendi. Basi lilikwenda kwa muda wa saa tano, na msidhani nilikuwa najuta njia nzima. Nilikuwa natunga. Nilijitungia pango la kujibanza, nikajitungia njia ya kushukia, nikajitungia hata mchuma kuni aliyenielekeza. Niliposhuka nilizunguka nyuma ya kibanda cha stendi, nikachota tope kwa mikono miwili, nikajipaka viatuni, kwenye suruali, na kidogo shavuni. Mtu mzima na ndevu zangu. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama ananitazama, nikaona haya mbele ya mbuzi, lakini sikuacha.

Mama alikuwa peke yake uani, kwenye kigoda, sufuria mbili kubwa za chakula cha watafutaji zikiwa motoni mbele yake. Aliposikia hatua aliinuka.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Kobe."

Mwiko ulimponyoka. Alinijia mikono ikiwa mbele, akanishika uso, mabega, mikono, akilia na kucheka kwa pamoja. "Yu hai! Mtoto wa watu yu hai!" Kisha viganja vyake vikashuka begini, vikafika kwenye hema, na hapo vikapunguza mwendo. Alilibonyeza. Mvua ya siku tatu ile, na hema lilikuwa kavu, limekunjwa vizuri, linanukia kabati.

Akaondoa mikono. Nilijua kwamba amejua. Na mimi niliyetunga pango zima njiani sikuwa na uongo hata mmoja wa kumwambia mama huyu.

"Sikuwa mlimani, Mama. Nilikuwa nyumbani kwangu, nimelala. Sikutaka kuwapokea."

Alirudi nyuma, akakipapasa kigoda, akakaa.

"Nyumbani," alisema. "Una familia? Nyumba imejaa?"

"Hapana. Niko peke yangu."

"Ungesema tu, mwanangu. Tungelala kwenye benchi. Blanketi tulishafungasha."

"Na jicho, Mama?"

"Mimi ndiye niliyemwambia asisafiri. Alhamisi tulikuwa tumesimama hapo mlangoni na mizigo. Nikamwambia jicho litangoja, yule kijana hana mtu mwingine huku. Daktari anarudi baada ya miezi saba."

"Litangoja kweli?"

"Walisema lisingoje."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipiga magoti kwenye lile tope la uani, la kweli, nikaanza kusema kwamba mzee akirudi nitamweleza yote, nitaomba radhi mbele ya wote. Alinikatiza kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Hutamwambia. Mtu wa miaka sitini na minane ametembea siku tatu kwenye mvua. Jana walimleta kubadilisha nguo, viatu havikuvulika, miguu imevimba. Akarudi nayo hivyo hivyo. Sasa wewe umwambie alikuwa anatafuta hewa? Wewe utautua mzigo wako, utaondoka mwepesi, yeye ndiye abaki ameubeba. Sitaki. Nimejua mimi, inatosha. Huo ni wako, kaa nao."

Saa kumi jioni walishuka. Watu sita, wamelowa chapachapa, na mzee wa mwisho, akijikongoja kwa fimbo, debe kuukuu limening'inia begani. Aliponiona aliitupa fimbo. Alinikumbatia hadi nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio.

"Si niliwaambia? Si niliwaambia huyu atatoka?"

Wenzake walicheka, wakanipiga mabegani. Mmoja alilitazama tope shavuni mwangu akatikisa kichwa kwa huruma, akavua koti lake akanifunika. Wakaniuliza nililala wapi, nilikula nini. Nilijibu kwa kuguna, wakaona nimechoka, wakaniacha.

Mzee alikaa karibu nami, akashusha sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Niambie jambo moja tu. Jana mchana ukungu ulifunga tukiwa ukingoni mwa korongo. Hawa walitaka turudi. Nikapiga debe, nikasikia kama mtu ananijibu ng'ambo. Wao wakasema ni mwangwi, mzee amechoka, anasikia anachokitaka. Nikakataa kuondoka. Nikapiga mpaka jioni, usije ukadhani umeachwa. Ulinisikia?"

Wote walinigeukia. Mama aliacha kukoroga, akageuza uso wake upande nilipokuwa.

"Nilikusikia, mzee," nilisema.

"Haya, mmesikia wenyewe?" aliwaambia wenzake, na uso wake wote ulikuwa furaha.

Mama akaanza kupakua. Sahani ya kwanza alinipa mimi, kwa kuwa ndiye mgeni.