Karibu au Mbali

...na ukishawekwa hivi, kidevu kwenye kikombe cha plastiki, paji la uso limebanwa kwenye mkanda wa mashine, huwezi hata kutikisa kichwa kukataa, labda ndiyo maana waliitengeneza hivi, aliwaza Bi Warsini, taa ikimchoma jicho lenye ukungu, na daktari anaongea na Sumiyati, si naye, kana kwamba mtoto wa jicho humpofusha mtu na masikio, "tukimwekea lenzi ya karibu, ataona kazi ya mkononi bila miwani, ya mbali, ataona barabara na watu, ila kazi ya karibu atavaa miwani, achague moja," achague, kasema achague, na mate ya daktari hayajakauka mdomoni Sumiyati keshajibu, "Karibu, daktari, mama ni fundi wa batiki, Lasem nzima wanamjua," mwongo huyu mtoto, Lasem nzima inamjua Nyonya Lian, bibi mwenye karakana, jina lake ndilo linalokaa pembeni mwa kitambaa, Warsini anajulikana na nta tu, nta inamjua sana, imemla vidole tangu meno ya utoto hayajaisha kung'oka, chovya, puliza, chora, nukta, nukta, nukta, dunia yote ikaishia pale mkono unapofika, jua likichomoza analionea kwenye kitambaa, likizama analionea kwenye kitambaa... "Na miwani je?" daktari anauliza, "Aa, miwani haifai, moshi wa nta unaifunga vioo, halafu Nyonya keshaleta kitambaa cha harusi ya mpwa wake, nimekipokea," umekipokea? "Umekipokea lini, Sumi?" "Mama, usiongee, unaharibu kipimo," kipimo! kwa hiyo kitambaa kiko nyumbani, kimekunjwa, kinalingoja jicho lipone, jicho lenyewe halijapasuliwa na tayari limekodishwa, harusi nyingine, kama ile ya binti wa Nyonya, misimu miwili ya mvua aliwachora wale ndege wenye mikia mirefu, unyoya kwa unyoya, kisha akakaribishwa akaketishwa nyuma, karibu na jikoni, sahani ya wali mapajani, bibi harusi akapita amewavaa, na Warsini akaona doa jekundu likipita, doa tu, jirani akampiga kikumbo, "Ona ndege wako wanavyoruka!" akasema naona, akacheka na wenzake, naona, naona... na mkono wa Sumiyati sasa uko begani mwake, laini, hauna kovu hata moja, kwa sababu yeye mwenyewe alimkataza, kila alipoishika kalamu ya nta alimpiga kofi, toka hapa, nenda shule, macho yako usiyatie humu, na kweli macho yake yamesalimika, yanaona mbali, yameona kitambaa cha harusi kikija tangu kule kona ya barabara na yakakikimbilia... si mtoto mbaya, ndiyo uchungu wenyewe, angekuwa mbaya ningemtukana nikalala... "Basi, bibi, niandike karibu?" "Mbali," akasema, lakini taya alishalikaza kwenye kile kikombe asiharibu kipimo, likatoka guno tu, "Amesemaje?" "Amesema sawa, daktari," sawa! maisha yote watu wamemsemea sawa, mume alipoondoka kwenda Kalimantan, sawa, Nyonya alipoweka jina lake mwenyewe pembeni mwa kitambaa, sawa, na yeye ameinama tu, safari hii akakitoa kidevu kwenye mashine, "Nimesema mbali. Kitambaa ulikipokea wewe, Sumi, kichore wewe." "Mama! Nitakichoraje, hukunifundisha!" "Sikukufundisha, ndiyo," akasema, na taa ilikuwa bado inawaka, daktari bado kashika kalamu, na uso wa Sumiyati ulikuwa mbele yake pale, ukungu mtupu, huwezi kujua kama umekasirika au unalia, na Bi Warsini hakuinama asogee karibu kuutazama.