Jagi Dogo la Maji

Chupa iliwekwa mezani saa tisa alasiri, na Rigobert hakuigusa. Alikuwa ameitamani tangu ujanani. Sasa alitaka jambo moja tu: irudi ilikotoka, na walioileta waondoke nayo.

Walioileta walikaa mkabala naye, sebuleni kwake, mtaani Kampemba: Nzanzu, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, na mkewe Émerance. Walikuja kumposea mwana wao Lévi. Aliyeposwa ni Syntiche, binti wa marehemu dada yake Rigobert, ambaye mjomba alimlea tangu akiwa na miaka minne. Na tuseme kweli, Rigobert hakuwapenda watu hawa hata chembe. Walikuja mjini na malori yao, wakanunua maduka mtaa mzima, na sasa wamenogewa, wanataka na watoto wa watu. Akichukuliwa Syntiche, ni nani angebaki katika nyumba ile wa kumuuliza kama amekula? Hilo hakumwambia mtu.

Ndiyo maana alitega mtego. Kwenye orodha ya mahari, chini ya mbuzi na vitenge, aliandika kwa mkono wake mwenyewe: wiski ya Uskoti, ya shayiri tupu, iliyotoka pipani bila kuzimuliwa. Maneno hayo hakuyaokota barabarani. Miaka kumi na minane alikuwa mhudumu katika nyumba ya wageni ya kampuni ya migodi, akibeba sinia lile lile kila jioni: chupa, glasi, na jagi dogo la maji. Wageni wakishaondoka, alizinusa glasi zao jikoni, moja baada ya nyingine, wala hakuthubutu kulamba. Harufu ile aliijua kuliko manukato ya marehemu mkewe.

"Mumepata," alisema. "Iko yenyewe."

"Lévi aliagiza mpaka Johanesbagi," alijibu Nzanzu. "Mulisema hiyo, tumeleta hiyo."

"Muzuri. Sasa, kwetu, mwenye kuleta ndiye anafungua, na anaonja wa kwanza. Ndiyo tunajua hakukuwekwa kitu. Asipoonja, chupa inarudi na maneno inaisha."

Émerance aliukamata mkoba wake kwa mikono miwili. Kampemba nzima ilijua kwamba Nzanzu haweki pombe kinywani, na Rigobert alijua pamoja nao. Ni mambo ya kanisa lao, alijiambia. Mtu wa namna ile angekataa, angesimama na suti yake, na posa ingefia pale pale.

"Baba Rigobert, sisi hatunywi," alisema Émerance. "Munajua."

"Mimi najua desturi ya kwetu, mama. Ya kwenu haikuwa kwenye orodha."

Syntiche alikuwa amesimama mlangoni na sinia: glasi tatu na jagi dogo la maji, vile alivyofundishwa na mjomba. Alimtazama mjomba huyo kwa muda mrefu. Hakulia. Aliweka sinia mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono.

Nzanzu alichana karatasi iliyofunika kizibo. Alimimina kidogo bila tone kumwagika, akaiinamisha glasi, akaizungusha polepole, akaisogeza puani huku mdomo uko wazi, kama walivyokuwa wakifanya wale wageni waliojua. Rigobert alikaa wima. Mtu wa kanisa alijifunzia wapi mambo hayo? Kisha Nzanzu akaishusha glasi hadi kifuani.

"Miaka kumi na tisa," alisema, bila kumwangalia mtu. "Lévi alikuwa na miaka saba. Nilikunywa nyumba, nikakunywa lori, halafu nikamuvunja mama yake mukono. Tangu siku ile sijagusa. Lakini mutoto wangu anapenda mutoto wenu." Akanyanyua glasi.

Émerance alifumba macho. Hapo ndipo Rigobert alipoona kiwiko cha kushoto cha mama yule, jinsi kilivyogoma kunyooka. Akinywa Nzanzu, amekwisha. Asipokunywa, posa imekwisha. Mtego ulikuwa umenasa pande zote mbili, na aliyeutega alijisikia aibu mpaka masikioni.

Akanyoosha mkono, akamnyang'anya Nzanzu glasi, akaigugumia yote. Kwa desturi ile ile, mpokeaji akitangulia kunywa, amekubali, wala hana tena pa kuirudishia chupa.

Ilimuunguza. Machozi yalimtoka. Hakupata shayiri, hakupata moshi, hakupata chochote cha zile jioni za jikoni. Miaka yote ile ya kunusa, na kumbe kuonja kwenyewe ni kuungua tu. Alikasirika kiasi cha kutaka kuivunja ile glasi.

"Hainywewi hivyo," alisema Nzanzu. Alimimina tena kidogo, akavuta jagi, akaliinamisha juu ya glasi: tone la kwanza, la pili, la tatu. "Ikitoka kwa pipa inakuwa imejifunga. Maji ndiyo inaifungua. Ukizidisha, unaiua."

Rigobert alilitazama jagi. Miaka kumi na minane alilibeba, akidhani ni la wasioweza ukali wake.

Alinusa. Ikaja yote: maganda ya chungwa, asali, moshi wa kuni zilizonyeshewa. Aliisogeza glasi mdomoni.

"Ulijua," alisema Émerance.

"Nilijua hanywi, mama. Sababu sikujua."

"Ungeuliza."

Émerance aligeuza kiti chake, akauelekea mlango. Nzanzu naye alikuwa amegeuzia uso dirishani, akivuta pumzi kwa mdomo tu, pua kaibana kwa vidole. Rigobert akaishusha glasi.

"Syntiche. Toa hii nje, pamoja na chupa yake. Yote."

Binti alivichukua, akatoka. Huko uani walisikia kimiminika kikigonga saruji, kwa muda mrefu. Rigobert alivuta jagi, akajaza maji katika glasi mbili zilizobaki, moja akaisukuma mbele ya Nzanzu. Ya kwake akainywa kwanza, kwa desturi ile ile, taratibu, wamwone. Kisha akaiweka mezani, akasubiri.