Kanga Juu ya Kamera

Wallahi, hakuna mtafiti aliyewahi kuteswa na kanga kama mimi. Wenzangu hulalamikia mvua, nyoka, betri. Mimi nikifungua picha zangu za video za siku nzima, nikitaraji kumwona shomoro akimlisha mwanawe, naona maua mekundu na maandishi: YA WENZIO YAACHE. Kutwa nzima. Kanga inapepea, inatulia, inapepea tena, na nyuma yake nasikia vifaranga wakilia wanaletewa chakula, na ni chakula gani Mungu ndiye ajuaye.

Kanga ni za shangazi yangu, Bi Mwanabaraka. Naishi kwake Mombasa, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, na kamera nimeifunga darini, juu kabisa kwenye sakafu wazi tunapoanika nguo. Huko ukutani, kwenye tundu la boriti ya zamani, shomoro wamejenga. Ninachotaka kujua ni kitu kidogo tu. Shomoro mkubwa hula chochote: makombo ya bhajia, viazi vya karai, wali. Lakini kifaranga anahitaji wadudu ili akue. Sasa mjini hapa, penye karai la mafuta kila kona na miti ya kutafuta kwa tochi, je, mama huleta panzi au huleta bhajia? Basi. Shahada yangu yote imesimama juu ya swali hilo.

Na lilikuwa limebaki tundu moja. La kwanza kunguru waliingia wakala vifaranga wote. La pili jirani alilipiga plasta, ati anapendezesha nyumba kabla ya Ramadhani, na wale shomoro wawili wakashinda wanahangaika ukutani midomo imejaa. Nilitaka kulia. Hili la darini ndilo la mwisho, na ufadhili wangu unakwisha mwezi huu. Nikilikosa, miaka miwili imekwenda na maji.

Mwanzoni shangazi hakuwa na neno. Ni yeye aliyenishikia ngazi nilipokuwa nikiifunga kamera. Kisha siku moja nikachungulia kiotani kwa kioo na tochi, nikakuta wamekitandika nywele, tele, nyekundu za hina. Nyumbani kwetu anayetia hina kichwani ni mmoja. Jioni kwenye chakula nikamtania kwamba shomoro wamemfanya godoro. Hakucheka. Alisema nywele za mwanamke hazifanyiwi mzaha, huzikwa, akaiacha sahani yake nusu. Asubuhi yake kanga ya kwanza ikapanda juu ya kamera.

Nilizungumza naye kwa adabu. Nikamweleza kwamba kamera inatazama ukuta. Akasema kivuli cha asubuhi kiko ukuta uo huo, yeye hukaa hapo kichwa wazi apate upepo, na darini ni pahali pa wanawake tangu nyumba ijengwe. Nikamwambia picha naziona mimi. Akauliza, na Tsofa je? Daktari Tsofa ni msimamizi wangu chuoni, mwanamume mwenye heshima zake, na kweli huzitazama. Nikamwomba basi ajitande mtandio kwa hizo siku chache. Akanitazama kana kwamba nimemwambia ahame nyumba.

Basi ikawa vita. Mimi natoa, yeye anarudisha. Natoka asubuhi kwenda chuoni kuandika, narudi nakuta kanga nyingine na neno jingine, na mwanamke wa Mombasa hachagui kanga kwa rangi. Siku niliyobamiza mlango, nilipandishiwa HASIRA HASARA. Na mimi nikatafuta ya kwangu yenye MACHO HAYANA PAZIA, nikaianika mbele ya chumba chake. Mtu mzima na kisomo chake, nagombana kwa vitambaa!

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa watu baki shangazi ana huruma ya ajabu. Kuna mgonjwa wake mtaa wa Ganjoni, rafiki yake tangu madrasa, ambaye ati hataki mgeni ila yeye. Humwendea kila baada ya wiki kadhaa na chupa ya uji, na hurudi hoi, akalala bila kula. Siku moja nikamwambia, kwa ujeuri wangu, kwamba angenipa mimi robo ya huruma ya yule mgonjwa ningekuwa nimeshamaliza kazi. Akajibu kwamba nimwombee dua tu, dua haigharimu kitu.

Alhamisi nilikuwa ndiyo kwanza nafika chuoni Tsofa aliponiita. Vifaranga walikuwa wameshaota manyoya, wangeruka wakati wowote. Ama nilete picha zinazoonekana, akasema, ama sura nzima ya tasnifu niifute. Sikukaa hata kitini. Tuktuk ilinishusha, ngazi nikazipanda mbili mbili na viatu miguuni, hodi sikupiga. Kanga ya siku ile sikuisoma. Niliivuta mpaka ikachanika pembe.

"Shangazi, leo utaniambia—"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya tundu, macho ameyafumba, uso ameuelekeza kwenye upepo. Kichwa wazi; kilemba alichokizoea siku hizi hata ndani kiko magotini. Na kichwani hapakuwa na kitu. Vinyweleo vichache tu nyuma ya masikio, kama vya mtoto wa siku arubaini. Nywele zilizokuwa zikimfika kiunoni, nilizochezea utotoni, hazikuwepo.

"Ifunike kwanza hiyo kamera," akasema, bila kufumbua macho. "Kisha useme."

Nikaifunika. Aliyesema ni yeye, taratibu. Hakuna mgonjwa wa Ganjoni. Ni yeye anayekwenda hospitali kutiwa dawa ya mshipa, kwa ajili ya uvimbe wa titi. Nywele zilianza kutoka mafungu mafungu hapo hapo akizichana, na asizowahi kuziokota zilichukuliwa na upepo, na shomoro. Fahmi, mwanawe, anaoa mwezi ujao.

"Akijua ataiahirisha harusi. Wacha aoe, ndipo nimwambie," akasema. "Na kilemba chaniwasha, Zakiya. Ni hapa tu napumua."

Nilishikwa na hasira, naam, hasira, maana ndiyo niijuayo. Nikamgombeza kwa kubeba mzigo ule peke yake na hiyo chupa yake ya uji. Kisha nikamwambia siri yake ni yangu, na kamera naishusha. Akaniambia niache wazimu, nikanywe maji.

Kesho yake, kwa kuwa alinikataza kuishusha, niliifunga kanga mimi mwenyewe, mafundo mawili, nikatoka. Jioni nilizifungua picha kwa mazoea tu. Hapakuwa na kanga. Ukuta, tundu, jua. Mama shomoro anaingia na panzi. Baba anakuja na kiwavi. Mama anarudi na kitu cha manjano, bhajia hiyo, kisha panzi tena. Kutwa nzima, wazi kabisa. Na chini ya tundu, kwenye kivuli, kigoda kitupu.

Nikateremka mbio jikoni. Joto la humo lingeivisha mkate. Dirisha liko wazi, majirani wanapita, na shangazi anakuna nazi huku kichwa amekizungushia mtandio, na juu ya mtandio kanga, ile iliyochanika pembe. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Umempata panzi wako?" akauliza.

Nilifunga dirisha, nikatia komeo mlangoni, nikamwambia avue. Akabisha kidogo, kwa desturi. Kisha akavua. Nikatungua pepeo la makaa ukutani nikaanza kumpepea kichwa kwa nguvu zangu zote, machozi yananitoka na wala sikuyafuta.

"Polepole," akasema shangazi. "Mimi si mshikaki."

Nikapepea polepole.